Mshono Alionificha Kaka Yangu

Kama unasoma haya huku mkono wako mmoja uko mfukoni, unabonyeza kitu ambacho zamani hakikuwepo, basi ni wewe niliyekuandikia. Usiutoe huo mkono, soma tu. Hata mimi nilitembea hivyo misimu mingi, watu wakadhani ni maringo ya mtu mwenye pesa.

Jina langu Boay, lakini pale Dongobesh ukiuliza Boay utaulizwa yupi. Ukiuliza Trekta, mtu yeyote atakuleta kwangu. Jina hilo sikujipachika. Nilipewa na wanunuzi wa vitunguu saumu nikiwa kijana, siku walipoona nimepandisha lumbesa kwenye lori peke yangu, huku wenzangu wanahangaika wawili wawili. Lumbesa, kwa usiyeijua, ni gunia lililojazwa mpaka likaongezewa kichwa juu ya mdomo wake, ili mnunuzi afurahi na mbebaji aumie. Mimi sikuumia. Niliacha shule darasa la tano, baba alipofariki, na kwa mgongo huu nikajenga nyumba ya tofali za kuchoma yenye bati la msauzi, nikanunua lori, nikanunua la pili, nikafungua ghala. Wapo wenye digrii wanaokuja kwangu kuomba kazi ya kuhesabu magunia. Nayasema haya si kwa kujisifu. Nayasema ili ujue kwamba ugonjwa huu haungoji mwanamume awe dhaifu.

Mambo ya udaktari sitayaeleza, sikuyasomea. Nitaeleza yaliyonipata mimi, na neno moja refu nililojifunza, na jambo nililofanyiwa na ndugu wa tumbo moja. Kidonda kimepona. Hilo jambo bado.

Ugonjwa ulianza msimu wa kuvuna maharage. Tulikuwa Endasak, kwenye miteremko ya mlima Hanang, ambako lori halifiki mashambani, magunia yanateremshwa kwa pikipiki na kwa migongo. Niliinua gunia kama siku zote, nikasikia kitu kwenye kinena kinaachia, kama kifungo cha suruali kinavyokatika. Hakikuuma. Jioni nilipokuwa naoga nikakuta uvimbe mdogo kama kiazi ulaya. Nikalala chali, ukaondoka wenyewe. Nikasema, basi, umepona.

Asubuhi nikasimama, nao ukasimama.

Nikatafuta mpira wa ndani wa baiskeli, nikaukata, nikajifunga kiunoni na kupitisha chini ya mguu. Mke wangu Josefina akaniuliza huo ni mpira wa nini. Nikamwambia ni wa mgongo, madereva wote wanavaa. Akaniangalia.

"Wewe una mgongo gani unaoumwa, Baba Neema? Wewe si trekta?"

"Hata trekta linafungwa bolti."

Akacheka, mambo yakaishia hapo. Lakini nikaanza kulala nimegeukia ukuta, na mwanamke hahitaji cheti kujua kwamba mume anayegeukia ukuta ana lake. Akanyamaza kwa hasira, nikanyamaza kwa aibu. Masika yakaisha. Vitunguu saumu vikang'olewa, vikaanikwa, vikauzwa. Kiazi kikawa yai la bata, yai likawa ngumi. Nikawa nabeba kwa mkono mmoja na kujishika kwa mkono wa pili, vijana wangu wakasema bosi ameongeza madoido.

Kwa nini sikwenda hospitali? Kwa sababu ugonjwa wenyewe ni ngiri, na kwetu ukitamka ngiri kila mtu anaelewa vyake. Mmoja atasema mgongo, mwingine atasema umeishiwa nguvu za kiume, na wa tatu atakuletea mizizi ya kuchemsha. Pia nilijiambia kwamba ukoo wetu haukuwahi kuwa na kitu cha namna hiyo. Baba yangu alikuwa chuma. Alikufa ghafla kwa tumbo, ndivyo nilivyoambiwa, siku moja tu, jioni hai na alfajiri maiti. Nilikuwa mtoto, sikuruhusiwa kuingia ndani.

Aliyeingia ni kaka yangu Marseli. Ananizidi miaka minane. Yeye ndiye aliyeshika nyumba baba alipoondoka, na leo ni mzee wa kanisa na mtu wa maneno. Harusi ikikosa Marseli wa kuongea, ni kama imekosa nyama. Kila wageni walipokuja nyumbani alinisimamisha mbele yao nikiwa kijana na kunipiga begani. "Mwoneni huyu. Huyu ndiye aliyerithi mgongo wa baba." Nilikuwa nikisikia hivyo naweza kubeba nyumba. Na nilibeba. Mahindi ya nyumba yake, ada za watoto wake, dawa za mama mpaka tulipomzika, vyote vilipita hapa mabegani. Sikumdai. Ndugu hadaiwi.

Siku uliponishinda ilikuwa mwanzo wa kipupwe cha mwaka uliofuata, upepo wa mlimani unakata masikio. Nilikuwa ghalani. Uvimbe ulitoka ukagoma kurudi. Nikalala chali juu ya magunia, wapi. Ukawa mgumu kama jiwe, nikaanza kutapika. Josefina akapiga kelele, na Marseli, ambaye nyumba yake iko jirani, akaja mbio. Aliniona nimejikunja. Hakuniuliza naumwa wapi. Hakufunua shuka. Alisema tu, "Leteni gari sasa hivi. Msimpe maji, hata tone."

Nilikumbuka maneno hayo baadaye. Wakati ule nilisikia sauti ya kaka tu, nikatulia.

Ile barabara ya kwenda hospitali ya misheni sitaisahau. Kila shimo lilinipata mimi peke yangu. Tukafika, nikachomwa sindano ya maumivu, kitanda kikainuliwa upande wa miguu, na daktari akakaa pembeni akinibonyeza taratibu sana kama mtu anayerudisha ndama tumboni kwa mama yake. Baada ya muda mrefu kitu kikateleza, kikarudi. Nikalia machozi, mimi Trekta, mbele ya binti mdogo kuliko Neema wangu. Ndiyo, daktari alikuwa binti.

"Shikamoo baba," alikuwa amenisalimia kabla ya yote, kana kwamba nimekuja kunywa chai.

Kesho yake akaniita chumbani kwake na Marseli akiwa pamoja nami. Ukumbini tulikaa kwenye benchi refu tangu asubuhi, na benchi la wagonjwa lina heshima yake, ukiinuka kwenda chooni jirani yako anakuwekea kofia mahali pako. Tulipoingia akaniambia nisimame, niteremshe suruali. Niliteremsha huku naangalia dari. Akaweka vidole.

"Kohoa, baba."

Nikakohoa.

"Tena. Kohoa kama mwanamume."

Nikakohoa mpaka dirisha likatikisika. Akatikisa kichwa, akaosha mikono, akakaa kuandika.

"Kwenye ukoo wenu yuko mwingine aliyewahi kuwa na ngiri? Baba, kaka, babu?"

Nikacheka. "Daktari, ukoo wetu ni wa chuma. Mimi ndiye wa kwanza, na ni kwa sababu ya kazi. Muulize kaka yangu huyu."

Akamwangalia Marseli. Marseli alikuwa anazungusha kofia yake mikononi, anatafuta kitu ndani ya kofia. "Kazi yake ni nzito," akasema.

Daktari akaandika. Kisha akanipa karatasi ya kukubali upasuaji. Kati ya maneno ya Kiswahili palikuwa na neno moja refu kama treni. Nikamwambia, mama, mimi siweki sahihi kwenye kitu nisichokijua, hata mkataba wa gunia moja nausoma. Akacheka, akalisoma polepole: heniorafi.

"Maana yake kushona, baba. Ukuta wa tumbo umeachia pale chini, utumbo unachungulia. Tunaurudisha ndani, tunashona ukuta. Ndiyo heniorafi. Ukuta ukiwa umechakaa sana tunaweka kipande cha wavu ndipo tushone, hapo inaitwa henioplasti."

Nikamwambia ngoja. Gunia likiachia mshono, maharage yakaanza kumwagika, mimi nafanya nini? Nayarudisha kwa kiganja, nashika sindano ya gunia na uzi wa katani, nashona. Na gunia likiwa limeoza, natanguliza kiraka, kwa sababu ukishona kitambaa kilichooza, uzi unakipasua.

Binti akaweka kalamu chini. "Baba, hayo ndiyo nitakuwa nawaambia wagonjwa kuanzia leo."

Nikaweka sahihi kwa mikogo. Nakuandikia hapa ili usidanganywe huko mnadani. Heniorafi si kuhasiwa. Si busha wala kidole tumbo. Hakuna kitu chako kinachoondolewa, kinarudishwa mahali pake na mlango unafungwa. Manesi wenyewe hawalitamki lote, wanasema tu "yule mzee wa henia", na ukisikia hivyo wodini, jua ndiyo wewe.

Nilichomwa sindano ya ganzi ya mgongo, na miguu yangu ikawa ya mtu mwingine. Nilisikia wanavuta na kuongea habari za mvua. Nilipopelekwa wodini nilikuwa najiona mshindi. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa mzee mfugaji kutoka Balangdalalu, mguu wake umefungwa plasta baada ya kukanyagwa na dume. Shuka lake jeusi alikataa kulivua, fimbo yake alikataa kuiweka mbali. Aliniuliza nimefanywa nini. Nikamwambia.

"Aa. Kile cha dume," akasema.

"Dume gani?"

"Ng'ombe. Dume likiwa na uvimbe huo, sisi hatuliachii majike. Ndama wanatoka nao. Baba yako alikuwa nao?"

"Baba yangu alikuwa chuma, mzee."

"Chuma hakizai." Akacheka mpaka plasta ikamuuma. "Muulize aliyemwosha."

Nikageuka kumtafuta Marseli, aliyekuwa amekaa kwenye kiti mwisho wa kitanda. Alikuwa ameinuka kwenda kununua chai. Chupa ya chai ilikuwa imejaa.

Usiku ule nilingojea kitu kimoja tu, na hili usilionee haya. Manesi hawakupi chakula mpaka utoe upepo. Wodi nzima inakungojea. Nilipotoa, karibu na alfajiri, yule mfugaji akagonga fimbo chini mara mbili na kutangaza, "Trekta limewaka!" Watu wakapiga makofi vitandani, mimi nikaletewa uji mwepesi. Sijawahi kunywa kitu kitamu kama hicho tangu nizaliwe.

Asubuhi nikataka kuinuka kwenda kunawa. Nikavuta pumzi ili niketi wima kama ninavyoketi siku zote.

"Acha!" Marseli akaruka kitini. "Siyo hivyo. Geuka ubavu kwanza. Kunja magoti. Sasa teremsha miguu, sukuma kwa kiwiko, usitumie tumbo. Chukua mto, kandamiza kidonda. Hivyo. Ukitaka kukohoa ukumbatie huo mto kama mke."

Nikafanya. Nikakaa bila maumivu makubwa, nikashangaa. Akaendelea kwa sauti ya chini, "Na leo utaona huko chini kumevimba na kuwa kweusi. Usiogope. Damu inateremka tu, inaisha."

Nesi aliyekuwa anabadilisha dripu akageuka. "Mzee, wewe ungetufaa hapa. Nani alikufundisha?"

"Nimesikia tu watu wakisema," akajibu Marseli.

Mimi ni mtu wa biashara. Nimewahi kununua mahindi yenye mchanga, nimewahi kuuziwa lori lililopakwa rangi juu ya kutu. Najua sauti ya mtu aliyesikia tu, na najua sauti ya mtu aliyepita. Nilimwacha anishike mkono mpaka kwenye chumba cha kunawia. Nikafunga mlango.

"Marseli, fungua mkanda."

"Umelewa dawa, Boay."

"Fungua mkanda, ama niufungue mimi na mshono wangu ukatike hapa hapa, ukaeleze nyumbani."

Bomba lilikuwa linadondosha maji. Kisha akafungua, akateremsha kidogo, upande wa kushoto. Mshono wake ulikuwa mweupe, wa zamani, umelala vizuri kabisa. Fundi aliyemshona alikuwa fundi.

"Lini?"

"Ule mwaka nilipokwenda Singida."

Singida! Alituaga anakwenda kulima vitunguu. Alikaa huko mpaka msimu ukapita, akarudi amekonda, hana kitunguu hata kimoja, tukamcheka mpaka leo. Mimi nilikuwa sijaoa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kuitwa Trekta.

"Na baba?"

Akafunga mkanda polepole. "Baba, ngiri ilimkaza. Kama ilivyokukaza wewe. Nilikuwepo. Wazee wakasema jambo la chini ya kiuno la mzee halisemwi, uchi wa baba haufunuliwi na mwana. Tukasema tumbo."

"Mimi si mgeni, Marseli. Mimi ni mwana wake vile vile. Ulipotoka huko umeshonwa ungeniambia. Ulikuwa unaniona kila siku napandisha lumbesa."

"Nilikuwa nakuona."

"Ungeniambia!"

Hapo akasema neno ambalo daktari hawezi kulishona. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu aliyechoka kulibeba.

"Ungeacha kubeba, Boay. Mimi nilikuwa siwezi tena. Mama anaumwa, watoto wadogo. Nyumba nzima ilikuwa inakula mgongo wako. Ukiacha kubeba, tungekula nini?"

Nilirudi kitandani nikishika ukuta. Sikumpa mkono.

Huko nyumbani nilikaa msimu mzima bila kuinua hata ndoo. Wewe uliyeshonwa au utakayeshonwa, jiandae na haya: utaogopa kupiga chafya kuliko unavyoogopa nyoka. Wakati wa kupukuchua mahindi vumbi lilipoanza kuruka nilikimbilia ndani na mto wangu, nimeukumbatia, watoto wananicheka. Utaona mwili wako unalegea, mikono iliyokuwa kama magogo inakuwa ya karani. Sokoni walisema Trekta limekata springi. Josefina aliniosha, akanifunga, na siku ya kutoa nyuzi ndiyo alinisemesha.

"Mpira wa mgongo," akasema. "Madereva wote wanavaa."

"Nisamehe."

"Ulilala umegeukia ukuta mwaka mzima, nikadhani una mwanamke Katesh. Nilikuwa nimeshamchagulia mpaka sura." Akakaa kitandani, akacheka, akalia, akacheka tena. Hiyo ndiyo rehema ya kwanza niliyoipata, na ilikuwa kubwa.

Lakini Marseli alikuwa anakuja kila jioni, anakaa uani, anasubiri nitoke. Sikutoka. Nilimwambia Josefina nilivyofanyiwa, akashika kichwa. Kila nilipofumba macho nilimwona akinipiga begani mbele ya wageni. Mwoneni huyu. Aliyerithi mgongo wa baba. Alijua nimerithi nini. Alikuwa ananisifia kama unavyomsifia dume la kulimia ili lisilale shambani.

Na kilichonikosesha usingizi zaidi ni vijana. Ukoo wetu una vijana wengi, na wote wanabeba, kwa sababu mimi nilibeba na wameona nyumba niliyojenga. Hata Paskali, mtoto wa kwanza wa Marseli, alikuwa anabeba kwenye ghala langu mwenyewe. Hakuna aliyeambiwa kitu.

Mvua za vuli zilipoanza, wazee walikuja kutupatanisha. Kwetu ndugu wakigombana, mtu mkubwa anaita wazee, inapikwa pombe ya asali, mzee mmoja anaomba na wengine wanaitikia, kisha wale ndugu wawili wananywa kibuyu kimoja, na jambo linazikwa. Ukinywa, haliulizwi tena. Walikaa uani kwangu, vijana wa ukoo wamesimama nyuma yao. Mzee Bura, ndugu wa baba yetu, akanikabidhi kibuyu.

"Kunywa, Boay. Kaka yako amekosa, amekubali. Unataka ng'ombe? Sema, atatoa."

"Sitaki ng'ombe, shikamoo zenu wazee wangu, nakataa kwa heshima. Nataka jambo moja. Marseli asimame hapa aseme mbele ya vijana hawa baba yetu alikufa kwa nini, na yeye alishonwa nini huko Singida. Nitakunywa kibuyu chote peke yangu."

Mzee Bura akasema hayo hayasemwi mbele ya watoto. Nikasema, watoto gani, huyu Paskali ana ndevu kuliko mimi.

Marseli akasimama. Mtu wa harusi, mtu wa maneno. Akasafisha koo. "Baba yetu," akasema, "Mungu amrehemu, alikuwa na... alifariki kwa ugonjwa wa tumbo."

Nikaweka kibuyu chini. Sikukimwaga. Nilikiweka taratibu kwenye jani, nikasimama mimi. Nikawaambia vijana yote, nikalitamka na neno lenyewe, heniorafi, nikaeleza gunia na uzi na kiraka. Nikafungua mkanda wangu nikawaonyesha mshono, wazee wakageuza nyuso. Marseli alikuwa ameshatoka getini kabla sijamaliza.

Watu walitawanyika bila kunywa. Nilikuwa nafungia ng'ombe zizini nilipomsikia mtu nyuma yangu.

"Shikamoo baba mdogo."

Alikuwa Paskali. Mkono wake ulikuwa mfukoni.

"Marahaba. Tangu lini?"

"Tangu palizi. Ninajifunga na mpira. Nilitaka kumwambia baba. Nikaona ataniona si mwanamume."

Nikaacha mlango wa zizi wazi. Nikamwambia jambo pekee nililolijua.

"Kohoa."

Tulikwenda naye hospitali juma lile lile. Benchi lile lile la ukumbini, harufu ile ile ya dawa ya kusafishia sakafu. Aliniuliza njia nzima: litauma, nitazaa, nitabeba tena? Nikamjibu kama ninavyokujibu wewe. Linauma kama kidonda chochote, halafu linaacha. Utazaa. Utabeba, lakini lumbesa mwachie shetani. Nenda mapema, uvimbe ukiwa bado unarudi wenyewe, usingoje siku utakapogoma. Ukigoma, ukatapika, usinywe kitu, kimbia. Na mwambie mtu wa nyumbani kwako leo, hata kama ni kwa kumnong'oneza.

Tulipoitwa chumbani, Marseli alikuwa mlangoni. Sijui alipanda gari la saa ngapi. Viatu vyake vilikuwa na tope la Dongobesh. Hakunisalimia wala sikumsalimia. Tukaingia watatu. Kulikuwa na benchi dogo, nikakaa katikati yake, nimetanua miguu kama mwenye kidonda. Yeye akasimama karibu na mlango, kofia mkononi.

Daktari alikuwa yule yule binti. Akanitambua, akacheka, "Baba wa gunia!" Akampima Paskali, akamkohoza, akakaa kuandika. Kisha akauliza bila kuinua uso, kama anavyowauliza wote.

"Kwenye ukoo wenu yuko mwingine aliyewahi kuwa na ngiri?"

Paskali akaniangalia. Jibu nilikuwa nalo lote mdomoni, na wewe unanijua sasa, mimi si mtu wa kuacha swali lipite. Nilifunga mdomo. Lile swali halikuwa langu.

Daktari akainua uso, akatuangalia mmoja mmoja. Huko ukumbini mtoto alikuwa analia. Marseli akaweka kofia chini, sakafuni, kama mtu anayetua mzigo.

"Baba yetu," akasema. "Alikufa nayo. Na mimi. Mimi nilishonwa kabla ya huyu mdogo wangu. Sikumwambia. Na huyu ni mwanangu."

Paskali akainamisha uso. Daktari akaandika.

Kile kibuyu bado sijakinywa, na sijui kama nitakinywa. Kuna asubuhi naamka nimesahau, halafu nageuka ubavu, nakunja magoti, nasukuma kwa kiwiko, nakumbuka nani alinifundisha na alijifunza wapi. Lakini siku ile, pale kwa daktari, kaka yangu alikuwa amesimama tangu asubuhi.

Nikasogea kwenye benchi, pakapatikana nafasi ya mtu.